Mikono ya Alhamisi

"Makoti! Jua limenifika magotini, na wewe bado uko huko huko!"

MaKhwalo alisikia, hakuinuka. Alikuwa ameinama katikati ya mstari wa pili, uso umezama majanini, anatafuta madume. Kazi hii haitaki haraka. Bangi dume na bangi jike hufanana kama pacha mpaka mwisho wa Januari, ndipo dume linapotoa vijipumbu vyake kwenye maungio ya tawi, vya kijani, saizi ya punje ya mtama. Ukiliacha, baada ya siku chache vinapasuka, linamwaga vumbi, na majike yote yanajaa mbegu. Bangi ya mbegu tupu hata ukiigawa bure watu wanakutazama vibaya. Kwa hiyo aling'oa madume moja moja, polepole, bila kuyatikisa, akayalaza kwenye gunia. Moja tu aliliacha, la chini kabisa karibu na ua, kwa ajili ya mbegu ya mwakani. Ndivyo alivyofundishwa.

"Makoti!"

"Nakuja, Mama!"

Makoti ni bibi harusi. MaKhwalo alikuwa na miaka sitini na sita, mjane, magoti yote mawili mabovu, lakini aliingia boma hili akiwa bibi harusi wa miaka kumi na tisa, na mama mkwe wake hakuona sababu ya kubadilisha jina. Bibi huyo, MaNyawuza, alikuwa amepita tisini. Macho yake yalikufa zamani, miguu ikafuata. Pua ilibaki, na pua hiyo ilikuwa balaa.

MaKhwalo alikwenda kwenye beseni nyuma ya nyumba. Utomvu wa bangi hauogopi sabuni. Hung'ang'ania vidole ukawa mweusi kama lami, na harufu yake inaingia chumbani kabla yako. Dawa yake ni mafuta ya kupikia kwanza, kisha majivu, kisha ndipo sabuni. Vyote alivitunza kwenye kopo moja kando ya beseni. Alisugua mpaka ngozi ikawaka, akajifuta, akaingia ndani kuvaa.

Sketi nyeusi. Kofia nyeupe. Na jaketi jekundu lenye kola nyeupe, ambalo alilipiga pasi tangu jana na kulitundika mbali na jiko. Ilikuwa Alhamisi, siku ya Umoja wa Akina Mama. Katika milima hii ya Wampondo, Afrika Kusini, mwanamke akivaa jaketi hilo watu humpisha njia. Huvuti, hunywi, hudanganyi. Hayo ndiyo unayoapa siku unapovishwa. Ukifa unazikwa nalo, na wenzako wekundu wanasimama pande mbili za jeneza lako wakiimba. MaKhwalo alivishwa lake akiwa na miaka ishirini na sita, na aliyemshika mkono kumpeleka mbele alikuwa MaNyawuza huyu huyu.

Bibi alikaa kizingitini na jaketi lake mwenyewe. Miaka minne hajafika kanisani, lakini kila Alhamisi alitaka avalishwe asubuhi, afungwe vifungo vyote hadi shingoni, joto au baridi.

"Lete."

MaKhwalo alipiga magoti kwa shida, akamnyooshea mikono. Bibi aliishika, akaileta puani, akanusa kidole kimoja baada ya kingine.

"Gumba la kushoto."

"Mama, nimesugua."

"Gumba la kushoto, nimesema. Utaniaibisha mbele ya mke wa mchungaji."

Akarudi kwenye beseni. Hivi ndivyo ilivyokuwa kila Alhamisi kwa miaka arobaini.

Usidhani kulikuwa na siri. Kanisa lenyewe liliezekwa mabati kwa bangi, na kengele ikanunuliwa kwa bangi, na wakati wa michango hakuna aliyeuliza hela imetoka shamba gani, maana kila mtu alilijua shamba. Huku kulima ni kulima. Mahindi, maboga, bangi, vyote vinataka jembe na mvua. Dhambi ni kuvuta. Mwanamke anaweza kulima gunia kumi akaketi benchi la mbele, ilimradi anawe mikono. MaKhwalo hakuwahi kuigusisha midomoni hata kwa kuionja. Mbegu alipewa na mama mkwe mwezi wa kwanza wa ndoa, imefungwa kwenye kitambaa, wakateremka wawili genge zima hadi kishamba cha siri kando ya mto. "Hiki ndicho kitakachokulisha mume akiwa migodini," bibi alimwambia. Mume alikwenda migodini, akarudi na kifua kibovu, akafa. Mbegu ndiyo iliyobaki.

Kishamba kile cha mtoni kilimtoa jasho. Polisi walikichoma mara tatu. Mwaka mwingine helikopta ilipita ikamwaga sumu, hata maboga yakanyauka. Kisha siku moja redio ikasema: majaji wa Johannesburg wameamua, mtu yeyote mzima anaweza kulima bangi nyumbani kwake, kwa matumizi yake mwenyewe. MaKhwalo alisikia neno moja tu. Nyumbani. Alikaa chini akalia kwa furaha, maana magoti yalikuwa yamegoma kuteremka genge. Msimu huo huo akaihamisha mbegu ikaja juu, nyuma ya nyumba, mistari mitatu, peupe kabisa, barabarani inaonekana.

Hayo maneno ya mwisho, matumizi yake mwenyewe, hakuyatilia maanani. Nani angedhani yeye ndiye angetakiwa avute?

"Bado hujamaliza kuoga? Tutakuta wameshafika wimbo wa tatu!"

Alikuwa MaBhele, jirani yake na karani wa Umoja, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Alizunguka nyumba, jekundu limembana kifuani, daftari la mahudhurio kwapani.

"Ni gumba," alisema MaKhwalo.

"Hilo gumba lako litatukosesha mbingu." MaBhele alitazama mimea, akapiga mluzi mdogo. "Lo! Zimenenepa. Za kwangu kule mtoni nyani wanazila kuliko mimi."

"Si uzipandishe juu?"

"Nipandishe nini, mke wa mchungaji apite aone? Hukumsikia mwezi jana? Serikali imeruhusu, kanisa halijaruhusu. Atakayejulikana anavuta kwa kisingizio cha sheria mpya, jaketi juu ya meza, siku hiyo hiyo."

"Amesema anayevuta. Mimi navuta?"

"Wewe? Wewe hata moshi wa kuni unakukohoza."

Wakacheka. Ndipo gari la polisi liliposimama barabarani.

Zamani wangekuwa wameshakimbia. MaKhwalo alihisi miguu ikitaka kukimbia yenyewe, akaikanya. Ni halali, alijiambia. Redio imesema. Askari mmoja tu akashuka, akapita katikati ya mahindi, kofia mkononi, faili kwapani, akabisha hodi kwenye ua kama mgeni wa heshima. Alikuwa Sajini Mvunyiswa, kijana wa mlima wa pili, ambaye si kijana tena kwa mvi zile.

"Hodi, mama zangu."

"Karibu, kama umekuja na mguu mzuri," alisema MaBhele.

"Mguu mzuri. Hii karatasi ndiyo sijui."

Hakuketi, na hilo lilimtia MaKhwalo hofu. Alizungukazunguka na maneno kwanza: mvua, mahindi, hali ya bibi. Kisha akasema. Kuna mkuu mpya kituoni, mtu wa mbali. Jumanne alipita na gari akaona nyuma ya nyumba hii. Akauliza, ile ni bustani au shamba? Sajini akajibu bustani. Mkuu akasema, nenda kaandike, tuone.

"Kuandika nini? Si halali?"

"Halali, Mama. Kulima halali, nyumbani, kwa kutumia wewe mwenyewe. Kuuza bado ni kosa. Karatasi ina visanduku viwili. Mimi natia alama kimoja." Akafungua faili. "Ya kutumia, au ya kuuza?"

MaKhwalo alitazama karatasi, kisha mimea. MaBhele alihamisha daftari kwapa la pili.

"Nikitia cha kuuza," aliendelea Sajini, macho chini, "nang'oa yote leo, na naondoka na wewe. Yule mama wa ng'ambo ya mto, wiki ya tatu hii yuko ndani."

"Mvunyiswa. Mama yako," alisema MaKhwalo, "alikusomesha kwa kitu gani? Kwa viazi?"

"Najua, Mama."

"Alikuwa na kishamba mkono wa kushoto wa changu. Alikubeba mgongoni huku anang'oa madume."

"Najua! Ndiyo maana nimekuja mimi, hajaja mwingine. Sema unavuta, basi. Neno moja. Naandika, nakwenda zangu. Idadi ya mimea inayoruhusiwa hatujaletewa, na mimi sina kipimo cha kupima kifua cha mtu."

"Sivuti."

"Nani kakwambia uvute? Sema tu!"

"Nikiwa nimevaa hili?" Alijishika kifuani, kwenye kitambaa chekundu.

Sajini alikuna kichwa. "Basi sema ni ya bibi. Mzee, macho mabovu, miguu inauma. Nani atauliza?"

"Ya Mama?" MaKhwalo alimgeukia kwa ukali hata askari akarudi hatua. "Jaketi lake lina miaka zaidi ya sitini. Unataka wamvue akiwa kitini? Azikwe na nini, na blanketi?"

Kutoka upande wa mbele bibi aliuliza kwa sauti, "Gari la nani hilo?"

"La Sajini, Mama!"

"Mpe maziwa ya mgando!"

MaBhele alimvuta MaKhwalo mkono, akamnong'oneza, ingawa mnong'ono wake husikika hadi barabarani. "Vua jaketi. Sema. Kisha vaa tena, twende zetu. Mimi nitakuwa kiziwi."

"Mungu unayemwimbia kila Alhamisi ni mtoto mdogo, MaBhele? Tunamficha mambo nyuma ya kifungo?"

"Basi utafanya nini?"

"Na shahidi anahitajika," alisema Sajini kwa sauti ya chini, kama anayeomba radhi. "Jirani, asiwe ndugu. Aandike jina kwamba anajua mhusika anatumia."

Wote wawili wakamtazama MaBhele, karani wa Umoja wa Akina Mama. MaBhele alilikumbatia daftari lake la mahudhurio.

MaKhwalo alitazama mistari yake mitatu. Hata soko lenyewe lilikuwa linakufa. Mnunuzi wa Durban alikuja Novemba mara moja, akasema watu wa mjini sasa wanalima wenyewe, kibarazani, kwenye vyungu vya maua, chini ya taa. Sheria ilimwona yule wa kibarazani ikamhurumia. Yeye aliyeteremka genge miaka yote ile haikumwona kabisa. Hasira ilimpanda, ikashuka, ikamwacha na jambo moja tu. Kesho alfajiri lazima mtu amnyanyue bibi kitandani. Lazima mtu amwogeshe, amlainishie uji, amfunge vifungo. Watoto wako mbali na hawarudi. Akichukuliwa leo, bibi atakaa pale kizingitini mpaka giza, akiita makoti, makoti.

Alianza kujifungua vifungo. Alifungua kimoja kimoja kutoka juu, bila haraka, kama anavyotafuta madume. Akalivua jaketi, akalikunja mikono ndani, kola juu, na kulipapasa mara moja kwa kiganja. Hapo machozi yakamtoka. Hakuyafuta.

"Shika," akamwambia MaBhele.

Kisha akaingia jikoni, akarudi na kopo la bati lililokuwa darini, lenye mabaki makavu ya mwaka jana, na kipande cha gazeti.

"MaKhwalo," alisema MaBhele. "Dada. Hapana."

"Nikiandikwa navuta, niwe nimevuta."

Aliketi juu ya gunia la madume, akajaribu kusokota. Miaka arobaini na saba amepanda, amepalilia, amekausha na kufunga, na hakujua kusokota. Gazeti lilifunguka, majani yakamwagika mapajani. Akajaribu tena. Mara ya tatu Sajini hakuvumilia. Alichuchumaa, akachukua kile kipande cha gazeti, na kwa vidole viwili, kufumba na kufumbua, sigara ikawa imenyooka kama penseli.

"Sajini!" MaBhele alimaka.

Sajini alijitazama vidole kama si vyake. "Nilikuwa kijana," akasema. Akatoa kiberiti.

MaKhwalo alivuta. Moshi ulimkaba, akakohoa mpaka kofia nyeupe ikaanguka, kifua kikawaka, macho yakajaa maji mapya juu ya yale ya zamani. Akavuta tena. Akakohoa. Mara ya tatu moshi ulishuka kimyakimya ukatulia, naye akaachia pumzi ndefu akatazama kile kijisigara kwa mshangao wa kweli.

"Hiki ndicho wanachokimbizia watu na helikopta?" aliuliza.

Akamgeukia Sajini.

"Sasa andika."

Sajini aliweka faili juu ya goti, akatia alama kisanduku cha kwanza. MaKhwalo akaandika jina lake, herufi kubwa kubwa, kila moja peke yake. Kalamu ikapelekwa kwa MaBhele. Alikuwa ameshika jaketi kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa mtoto asiye wake.

"Mimi sikuona kitu," alisema. "Nilikuwa naangalia mahindi."

"Umeona. Na wewe bado umevaa. Usidanganye ndani yake, MaBhele. Linatosha jaketi moja."

MaBhele aliandika jina. Kisha alisimama pale hajui aende au abaki, hadi MaKhwalo alipomsukuma kidogo begani. "Nenda. Watakuta benchi letu tupu. Mwambie mke wa mchungaji nimelirudisha mwenyewe, halikuvuliwa na mtu."

Sajini aliondoka kwanza, hakunywa maziwa. MaBhele akafuata njia ya mlimani, jekundu moja mwilini, jekundu jingine mkononi, akigeuka nyuma kila hatua kumi. Kutoka mlima wa pili akina mama walikuwa wameanza kuteremka wakiimba. MaKhwalo aliwasikiliza. Wimbo huo alikuwa ameuongoza mara nyingi, lakini leo ulikuwa mrefu ajabu, kila ubeti ukienda mbali na kurudi, na kichwa chake chepesi kilienda na kurudi nao. Iliuma. Alidhani labda moshi ungepunguza, maana ndivyo wavutaji wasemavyo. Haikupungua hata kidogo.

Alizima kile kijisigara kwa maji ya beseni. Kopo la mafuta na majivu lilikuwa pale pale, limefunikwa. Akalitazama, akalipita.

"Makoti," bibi aliita alipomsikia akiburuta miguu. "Wanapita. Mbona hujatoka?"

"Siendi leo, Mama."

Pua ya MaNyawuza ilinyanyuka. Iligeuka huku, ikageuka kule, ikatulia.

"Nani kavuta hapa?"

"Mimi, Mama."

Wimbo ulipanda mlima, ukaanza kumezwa na upande wa pili. MaKhwalo alikuwa amepiga magoti mbele yake, bila jaketi, blauzi ya nyumbani imelowa jasho, akisubiri atukanwe. Alitamani atukanwe.

"Lile dume la chini," bibi alisema hatimaye. "Umeliacha?"

"Nimeliacha, Mama."

"Lete."

Alinyoosha mikono, michafu kama ilivyokuwa, utomvu, wino na jivu la sigara. Bibi aliishika. Akaileta puani akanusa, kidole kimoja, cha pili, cha tatu, mpaka gumba la kushoto, na hapo akakaa zaidi. Kisha akaishusha mapajani mwake, juu ya sketi nyeusi, akaiacha hapo.

Vidole vyake vikavu vikapanda shingoni mwake mwenyewe, vikaanza kutafuta kifungo cha juu cha jaketi lake.

"Mama, unafanya nini?"

"Joto," alisema MaNyawuza, na kifungo kikafunguka, vidole vikateremka kutafuta cha pili.